Kopo la Projestus

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, 20 Juni 1954

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na ule mguu wa kushoto umepunguza kukusumbua sasa mvua zimekatika. Sisi huku hatujambo. Mkweo Projestus anakusalimu sana. Anjelina, mjukuu wako aliyechukua jina lako kabla hujamwona, ametimiza wiki sita leo; ananyonya, analala, na analia kwa saa anazozijua mwenyewe. Mimi nami mzima, nimeanza tena kwenda kanisani na kuteka maji mwenyewe.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeona mwandiko ni wa Kokushubila na maneno ni yako. Najua hii nayo atakusomea yeye, basi namwomba mdogo wangu asome polepole na asiruke mstari, hata ule atakaouona afadhali auruke. Kiswahili changu kimekuwa cha Temeke. Pale kitakapokukwama, akufasirie.

Umeuliza jambo moja na umelirudia mara tatu. Umesema Kokushubila ana mimba ya miezi mitatu, amekonda, chakula hakimkai, na mnaogopa yasije yakampata yaliyonipata mimi. Unataka nikuandikie nilijizuia nini safari hii hata mtoto akaishi, nilichokula na nisichokula, ili naye afuate vilevile. Nimekaa na swali lako siku tano. Ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja, nawe ungefurahi, lakini ungekuwa mstari wa uongo. Kwa hiyo itabidi nikusimulie habari ya karamu, maana jibu limo humo, na nje ya karamu halisimuliki.

Unamkumbuka Padre Gaudens, yule aliyekuwa anakuja kula ndizi kwetu wakati wa likizo ya seminari. Mwaka jana, mwishoni mwa Novemba, alipita hapa akienda Roma kusoma. Chama chetu cha watu wa Bukoba kikaamua kumfanyia karamu ndogo ya chai kabla hajapanda meli, na mwenyekiti wetu, Mzee Revelian, akasema ifanyike kwetu kwa sababu nyumba yetu ina baraza pana. Siku ikapangwa Jumamosi. Vitafunio nikaachiwa mimi.

Niliachiwa mimi kwa sababu ya darasa. Kila Jumatano mchana akina mama wa huku tunafundishwa kushona na kupika, na mwalimu wetu ni mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye haraka. Tunamwita Mama Jumatano kwa kuwa jina lake halisi limetushinda. Yeye ndiye aliyetufundisha kutengeneza andazi la tabaka, ambalo huokwa likavimba na kuachana kurasa kurasa, ndani yake ukitia nyama au samaki. Alisema kwao wenye kufuata utaratibu wote hulishughulikia nusu siku nzima, lakini iko njia ya mkato ya saa mbili kwa mtu ambaye wageni wako njiani. Sisi tukajifunza ya mkato. Wenzangu wengi waliiacha, wakasema ni kazi ya kupigana na siagi. Mimi niliipenda. Sijui kwa nini, labda kwa sababu ni chakula ambacho ukikishika sana kinaharibika, na mimi mwaka ule sikutaka kushikwa wala kushika.

Padre alipofika alituletea kopo lako. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa kitambaa na kukazwa kwa kamba ya mgomba, na juu yake karatasi yenye mwandiko wa Kokushubila: PROJESTUS. Hata kabla ya kulifungua nilijua ni senene, na nilijua umewachambua mwenyewe, mbawa na miguu yote imetoka. Nililiweka juu ya kabati, pale ambapo mkono wangu haufiki bila kupanda kigoda. Nilikuwa na mimba ya miezi minne.

Sasa nitaandika unayoyajua, Mama, ili uone kwamba sikuyasahau. Kwetu mwanamke huamka alfajiri kuokota senene, huwachambua, huwakaanga, huwapeleka mbele ya mume, na mume humnunulia kitambaa cha gauni. Kuwala, hawali. Akiwala ana mimba, mtoto atatoka na kichwa kirefu kilichochongoka kama cha senene mwenyewe. Na yai hali, na kuku hali, na kamongo hali. Mimba ya kwanza nilikuwa kwako, na ulinichunga kwa macho yako mwenyewe. Mtoto akatoka mwezi wa saba, hakulia. Ya pili nilikuwa huku Temeke, peke yangu, nikajichunga kuliko ulivyonichunga wewe. Mtoto aliishi siku tatu. Nilipokuja nyumbani baada ya hapo ulinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ukaniuliza kwa sauti ndogo kama niliwahi kula yai kwa siri. Nikakujibu sikula. Ukaniuliza tena. Nilikuwa nasema kweli, Mama, na niliona hukuniamini. Sijawahi kukuambia kwamba siku ile iliniuma kuliko mazishi. Leo nimekuambia.

Turudi kwenye karamu. Alhamisi mchana Projestus alirudi kula akasema meli ya padre imesogezwa, itaondoka Jumamosi asubuhi, kwa hiyo karamu itakuwa Ijumaa saa kumi. Nikasema sawa. Yeye akaona sawa, Mzee Revelian akaona sawa, na Mzee Revelian ndiye mtu anayeongoza rozari hata kwenye mikutano ya kuchagua mweka hazina. Wote tulihesabu saa na viti. Hakuna aliyehesabu siku.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Mwishehe mchinjaji nikachukua nyama ya steki, nikaikatakata ndogo sana, nikaikaanga na vitunguu na pilipili manga, nikaiacha ipoe. Projestus alikuwa ameagiza kipande cha barafu, kikaletwa kwa baiskeli, kimefungwa kwa gunia na maranda ya mbao. Desemba ya huku huijui, Mama. Saa mbili asubuhi siagi uliyoiweka mezani imeshaanza kutoka jasho. Nilivunja barafu, nikaitandaza kwenye karai, nikaweka sinia kubwa juu yake, na sinia hilo ndilo likawa meza yangu. Fimbo ya kusukumia ilikuwa chupa iliyojazwa maji ya barafu na kuzibwa kwa gunzi.

Mauwa alikuja kutazama. Mauwa ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Lindi, mke wa Salumu anayechonga vinyago na kuuza mjini. Ndiye aliyenipa sufuria kubwa la kuokea, kwa kuwa mimi tanuri sina. Huweka mchanga chini, mkaa chini, na juu ya kifuniko anapalia mkaa mwingine, ndivyo wanavyooka mikate yao ya mchele. Alikaa kwenye kigoda akanitazama nikikata siagi ngumu vipande vya ukubwa wa maharage na kuvitupia kwenye unga, bila kuvisugua. Nikatia maji ya barafu yenye ndimu, nikaukusanya unga kwa ncha za vidole. Ukawa donge baya, limetoka mabaka meupe na ya njano. Mauwa akaniuliza mbona sijaukanda, na kama kwao mwari angekanda chapati namna ile angerudishwa kwa somo wake. Nikamwambia ukiukanda siagi inayeyuka, na ikiyeyuka tabaka hazipo. Akasema haya.

Nikausukuma mrefu, nikaukunja mara tatu kama unavyokunja karatasi ya barua hii, nikaugeuza, nikausukuma tena. Kila ninapokunja yale mabaka yanajinyoosha. Mara ya nne unga ulikuwa laini, umetulia. Mauwa akasogea akaugusa kwa kidole kimoja, akasema sasa ameelewa, ni chapati ya samli iliyosoma shule. Nikaufunika kwa kitambaa, nikaulaza juu ya sinia upumzike.

Hapo akainuka akasema anakwenda kumpigia pasi Salumu kanzu yake, maana leo anataka kuwahi msikitini.

Nikamuuliza kwa nini leo. Akanitazama kama mtu anayeongea na mgonjwa. Akasema, "Si Ijumaa leo, jirani?"

Nilikuwa nimeshika kijiko kwenye bakuli la nyama. Mama, nilibatizwa mchanga, nimesoma kwa masista miaka sita, na ilibidi mke wa Salumu anikumbushe kwamba leo ni siku ambayo Mkatoliki hali nyama. Na mgeni wangu ni padre, na watu kumi na wanane wanakuja kumuaga padre, na mimi nina bakuli la nyama lenye harufu iliyofika hadi barabarani.

Sikulia. Nilikaa chini kwanza. Nilifikiri samaki, lakini sokoni kwetu saa tano samaki wanaobaki ni wale wanaouzwa kwa wenye paka, na kwenda Kariakoo na kurudi ningekuta unga umekuwa uji. Viazi nilikuwa navyo vinne. Mayai matatu, na hayo ni ya kupaka juu ili ving'ae. Mauwa aliuliza kwani padre atajuaje kilichomo ndani. Nikamwambia atajua akiuma. Akauliza kama nyama hiyo basi haina mwenyewe. Nikampa bakuli zima, na nyumba ya Salumu ikala nyama siku mbili.

Kisha nikapanda kigoda nikalishusha kopo la Projestus.

Unajua kwetu suala hili limebishaniwa na makatekista tangu mimi mtoto, kama senene ni nyama au si nyama. Nilikumbuka kwamba marehemu Baba alikuwa anawala Ijumaa akitokea kanisani, mbele ya katekista mwenyewe, na katekista alikuwa ananyoosha mkono. Nikaona hiyo inatosha kuwa sheria. Nikawatwanga kidogo kwenye kinu, wasiwe unga, wasiwe wazima, nikakaanga vitunguu na pilipili hoho, nikawatia. Harufu iliyopanda pale, Mama, ilikuwa ya jikoni kwako. Ilinibidi nigeuke nitazame ukutani kidogo.

Ndipo likaja la chumvi.

Wewe senene wako mara nyingine huwatia chumvi kabla ya kuwakausha, na mara nyingine husahau. Padre hakusema, na karatasi ilikuwa na jina tu. Nikiongeza chumvi na tayari imo, nimeharibu. Nisipoongeza na haimo, nimewapa watu majani makavu. Hakuna mpishi anayepeleka chakula mbele ya wageni bila kujua chumvi yake. Projestus alikuwa kazini. Salumu alikuwa msikitini. Nikampelekea Mauwa kijiko, nikamwomba anionjee. Alitazama kilichomo, akarudi nyuma hatua mbili. Akasema yeye na wadudu kila mtu na njia yake, nisimlaumu. Nikamwambia ni chumvi tu. Akasema, "Si uonje mwenyewe, jirani. Ulimi si unao?"

Nitakuambia baadaye nilifanya nini. Kwa sasa nasema tu kwamba chumvi niliipima, na senene hawakuwa na chumvi hata kidogo, nikatia kijiko cha chai kimoja na robo.

Nilisukuma unga, nikaukata miraba midogo, nikaweka kijiko cha senene katikati, nikakunja pembe kwa pembe, nikabana kingo kwa uma. Nikapaka yai kwa unyoya wa kuku. Mkupuo wa kwanza niliuharibu: moto wa juu ulikuwa mdogo, siagi ikavuja kabla unga haujashtuka, vikatoka vimelala kama soksi. Mauwa akanitoa pale, akapalia mkaa yeye mwenyewe. Mkupuo wa pili alipofunua kifuniko vilikuwa vimesimama, rangi ya asali, na pembeni unaona kurasa zake moja moja. Tulikaa tukavitazama. Mauwa akasema hata kama ndani kuna wadudu, nje ni kazi nzuri. Tulitengeneza hamsini na vitano.

Wageni walikuja saa kumi na robo. Mzee Revelian alitoa hotuba ndefu, kisha sinia likazunguka. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni, pale ambapo naona na sionekani sana. Padre Gaudens alichukua kimoja, akakiuma. Akakitazama kilichobaki mkononi. Watu wote wakamtazama yeye, na Projestus alinigeukia na uso ambao ningependa usiuone. Halafu padre akacheka, akasema meli ingoje, amerudi nyumbani. Mzee Revelian alipoonja akaanzisha ule ubishi wa nyama na si nyama, na padre akasema seminari nzima iliwala kila Ijumaa ya msimu na hakuna mkuu wa seminari aliyewahi kukataa. Ubishi ukaisha, na sinia la pili likaisha kabla ya chai.

Lakini Mzee Revelian ni mtu wa kutafuna taratibu. Alikula cha nne, akafuta mdomo, akaita jina langu mbele ya watu wote. Nikatoka mlangoni. Akasema chumvi imekaa mahali pake hasa, si zaidi wala si pungufu, na ametamani kujua.

"Nani alikuonjea, mwanangu?" akauliza. "Maana mumeo nilikuwa naye tangu saa nane."

Baraza zima lilinitazama. Wanawake watano wa kwetu waliacha kunywa chai. Mimba yangu ilikuwa imeanza kuonekana, na kila mmoja wao anajua habari ya wale wawili.

Nikajibu, "Ni mkono tu, Mzee. Umezoea kupima."

Akatikisa kichwa kwa kusifu, akasema mwanamke mwenye mkono kama huo ni nadra. Padre alinitazama kidogo zaidi ya wengine, kisha akaomba chai. Jumatatu yake Projestus aliniletea kitambaa cha gauni, chekundu chenye maua madogo meupe, kwa sababu ya senene, kama desturi ilivyo. Nilikishona, na ndicho nilichovaa siku ya ubatizo wa Anjelina.

Sasa Kokushubila, usome vizuri hapa.

Sikupima kwa mkono. Mauwa aliporudi nyumbani kwake nilisimama jikoni na kile kijiko. Nilikusudia kugusa kwa ncha ya ulimi tu na kutema. Nikagusa. Nilipaswa kutema, na jaa lilikuwa hatua moja. Sikutema, Mama. Nilimeza, nikachota kijiko kingine, nikakila pia, na hicho hakikuwa cha chumvi. Miaka ishirini na nne nimewaokota, nimewachambua, nimewakaanga, nimewabeba kwa mikono miwili mbele ya wanaume, na sikujua ladha yake. Ni tamu. Mnajua wote wawili harufu yake, lakini ladha haifanani na harufu, ni nzito zaidi, ina mafuta, inakaa. Nilikasirika. Nilikasirika pale peke yangu na kijiko mkononi, kwa sababu nilikuwa nimezika watoto wawili nikiwa na njaa.

Wageni walipoondoka, jua bado lipo, kulikuwa na vitabaka sita vimebaki chini ya kitambaa. Nilivila vyote nimesimama. Na kopo halikuwa limekwisha. Lilibaki robo, nikalirudisha juu ya kabati, na kila Projestus alipokwenda kazini nilipanda kigoda. Siku kumi hivi. Alipoliuliza nikamwambia sisimizi wameingia, nimelitupa. Hapakuwa na sisimizi. Baada ya hapo nilipokwenda kliniki na nesi wa pale akanigeuza kope na kuniambia damu yangu ni nyepesi kama maji ya kuoshea mchele, nile mayai, nile maini, nile kila kinacholiwa, sikubisha. Nilikuwa nimeshavuka mto tayari. Nilikula mayai. Nilikula kuku. Mauwa alinipikia samaki wa kila jina, na kama kamongo angepatikana huku ningemla naye.

Usidhani nilikuwa shujaa. Tangu siku ile hadi Mei sikulala usiku mmoja mzima bila kuwaza kichwa. Mchana nacheka na Mauwa, nikilala nakiona. Anjelina alipotoka, mkunga alimnyanyua akaanza kuniambia ni mtoto gani, na mimi sikumsikiliza. Niliomba anipe kwanza. Nilikipapasa kichwa chake kwa vidole vyote kumi, mbele, nyuma, kisogoni, juu, kabla sijajua kama ni wa kike au wa kiume. Ni mviringo, Mama. Kina utosi unaopwita na nywele nyingi. Salumu, ambaye kazi yake ni vichwa, alikuja kumwona akasema huyo amechongwa na mtu mwenye subira. Hapo ndipo nililia, na sikujizuia.

Sisemi kwamba senene ndio waliomkuza. Huenda ni mayai, huenda ni nesi, huenda ni Mungu ametosheka na wawili. Sijui, na sitamdanganya Kokushubila kwamba najua. Ninachojua ni hiki: wale wawili niliwashikia miiko yote, huyu sikumshikia hata mmoja, naye ndiye anayelia sasa hivi chumbani wakati naandika. Umeniomba nikuandikie nilijizuia nini. Sikujizuia kitu.

Kanisani sijaliungama jambo hili, maana nimezipitia amri zote kumi na halimo. Ndiyo sababu naliungama kwako. Projestus nilimwambia juzi, kabla ya kushika kalamu, nisije nikakuandikia wewe siri ambayo yeye hana. Alimtazama mtoto. Kisha akaniuliza kama ni kweli wale sisimizi walikuwa mimi. Nikasema ni mimi. Akasema ndiyo maana hakuwaona, akaenda kuoga. Hajalisema tena, na jana alirudi na mayai sita ndani ya kofia.

Mama, najua ulinichunga kwa sababu na wewe ulichungwa, na hukuwa na jingine la kunipa. Sina kinyongo nawe kwa lile la kwenye migomba. Nilikuwa nacho, kimeishia katika barua hii. Ukikasirika, nikasirikie mimi, usimkasirikie aliyekusomea. Lakini mwache ale. Mpe yai asubuhi. Mpe kuku, amalize hata mifupa. Na akisita, mwambie dada yake alikula kabla yake.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa heshima zao na wadogo kwa majina yao, na majirani waliokuwa wakiniulizia tangu niolewe. Mauwa anasema nikuandikie kwamba akipata nafasi atakuja kuona huko kunakotoka wadudu wa bei ghali namna hiyo. Anjelina hana salamu, ana kelele tu, nakutumia hizo.

Nina ombi moja. Senene wakishuka Novemba, ututumie kopo jingine kwa mkono wa yeyote atakayekuwa anakuja pwani. Kabla hujalifunga, chota kiganja kimoja umpe Kokushubila, ale mbele yako. Kisha lifunge kama kawaida, kwa kitambaa na kamba ya mgomba, na ile karatasi ya juu mdogo wangu aandike kwa herufi kubwa, kama alivyoandika ya mwaka jana, lakini safari hii aandike KOKUBERWA.

Mwanao,
Kokuberwa Benedicta, mama Anjelina